Kwenda Brescia kwa Kupitia Bolton

Solange na Divine, mliniomba niwaandikie namna ya kumsafirisha mtu kutoka Uingereza au Ireland hadi Italia, maana mmechoka kunipigia simu na mimi nimechoka kuipokea. Nilidhani ukurasa mmoja utatosha. Lakini tangu niache kazi miguu imevimba, kiti cha nyumbani ni laini kuliko kile mlichorithi, na hakuna mtu anayegonga kioo akiuliza kama tiketi yake imetoka. Kwa hiyo nimeandika zaidi ya mlivyoomba. Mshahara sitautaja. Mnaujua, na hauna hadithi.

Kazi yangu ya kwanza Amerika haikuwa tiketi, ilikuwa vifurushi. Tulipofika Louisville nilipelekwa kwenye ghala kubwa lililo karibu na uwanja wa ndege. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani, kwa kuwa mtu wa kutupokea alisema tunakwenda kwenye kampuni, na kwetu kampuni ni mahali pa watu waliovaa vizuri. Msimamizi akaitazama miguu yangu, akaniletea viatu vyenye chuma mbele, vya mwanamume, vikubwa kwa namba mbili. Nilivivaa miaka minne. Kiingereza sikuwa nacho, ila kila kifurushi kilibandikwa herufi tatu za uwanja kinakokwenda, na herufi tatu mtu anaweza kuzishika. MAN ilikuwa Manchester. DUB ilikuwa Dublin. BGY ilikuwa Bergamo. Nilizikariri kama nilivyokuwa nikikariri majina ya ng'ombe wa baba kule milimani Kongo, kila moja na tabia yake. Baada ya miaka minne mgongo wangu ukakataa, na daktari akakubaliana na mgongo.

Mume wangu akapata kazi Columbus, tukahama. Huko mtu wa kanisani akaniambia kuna Msomali anauza tiketi, anatafuta mtu wa Kiswahili kwa ajili ya Wakongo, maana wamekuwa wengi na wanamchosha. Ndiye Bwana Abdi. Alikuwa amekulia Nairobi, na ofisi yake ilibanwa katikati ya bucha na duka la simu. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza BGY ni wapi. Nikasema Bergamo. Akauliza kama nimewahi kufika. Nikasema hapana, ila mizigo yake nimeinyanyua sana. Akacheka, akanionyesha kiti.

Bwana Abdi alisoma pasi kwa kidole. Alikiweka chini ya mstari wa kwanza, akaenda nacho polepole hadi mwisho, midomo ikicheza. Wateja walidhani hajui kusoma. "Mama, usichukue details kwa simu," aliniambia wiki ya kwanza. "Hiyo passport ikuje hapa uishike na mkono." Kifaa chake kingine kilikuwa boksi. Alikata katoni likawa na vipimo vilevile vya begi la bure la zile ndege za bei rahisi za Ulaya, na kila mteja alitakiwa kulisukumiza begi lake humo mbele yake. Lisipoingia, mteja alirudi nyumbani kupunguza. Wengi walikasirika. Wale waliokasirikia ofisini hawakulipishwa uwanjani, na hakuna hata mmoja aliyerudi kushukuru. Boksi lililo chini ya dawati lenu ni la tatu. Msiliwekee takataka.

Kwake ndiko nilikojifunza kwamba watu wetu ni kazi ngumu kwa kompyuta. Majina yetu yaliandikwa kwenye kambi ya wakimbizi na makarani waliokuwa na haraka: mtu ana jina la ukoo mbele kwenye karatasi moja na nyuma kwenye nyingine, na ndugu watatu wa tumbo moja wana majina matatu ya mwisho. Tarehe ndiyo usiseme. Niliwahi kusafirisha kwaya ambayo karibu wote walizaliwa tarehe moja Januari. Mhudumu wa shirika la ndege alinipigia simu akiuliza kama ni mapacha. Nikamwambia ni Wakongo. Andikeni kilichomo kwenye pasi, hata kama mnajua si kweli.

Tulipohamia Buffalo, mambo ya nyumba ndiyo yalituvuta. Mtaa wa Black Rock ulikuwa na nyumba ambazo mfanyakazi wa kiwandani angeweza kuzinunua, na watu wa milimani walianza kuzinunua moja baada ya nyingine, kisha wakaitana. Nikaweka dawati nyuma ya duka la vitenge na unga wa muhogo. Majira ya baridi mlango ulipofunguliwa, theluji iliingia hadi kwenye karatasi. Mnajua yote hayo. Msilolijua ni kwa nini ofisi ya Buffalo inauza zaidi safari za Manchester kwenda Bergamo kuliko safari za kwenda Florida.

Sababu ni kwamba tulitawanywa. Mmoja alichaguliwa kuja Amerika, mwingine Uingereza, mwingine Ireland, na wapo waliofika Italia kwa njia wanazozijua wenyewe, wakabaki kuhudumia wazee wa watu. Sasa mtu wa Bolton, kule karibu na Manchester, anataka kwenda harusi Brescia. Ana maduka ya tiketi mtaani kwake, lakini huko ataeleza mambo yake kwa Kiingereza, kwa mtu asiyemjua baba yake. Anaona heri anipigie mimi, Mama Naomi, huku Buffalo. Nilibisha mwanzoni, kisha nikachoka kubisha.

Basi yashikeni haya. Mtu akiwa Ireland na kadi ya ukaazi ya Ireland lakini pasi yake ni ya Kongo, anahitaji viza ya kuingia Italia. Atawaambia Ireland ni Ulaya. Ni Ulaya kweli, ila haimo katika zile nchi zilizofungua mipaka yao kwa pamoja, na viza ya Uingereza nayo haimsaidii chochote. Mchungaji mmoja wa Dublin aliniambia Mungu ameshamfungulia mlango. Nikamwambia anifungulie na mimi, nione hiyo viza. Alikaa miezi miwili hakunipigia.

Uwanja wanaouita wa Milano mara nyingi uko Bergamo. Kwa anayekwenda Milano ni usumbufu wa basi la saa nzima, kwa anayekwenda Brescia ni bahati, maana amekaribia. Kadi ya kupandia ndege ichapwe au iingizwe kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani, na mwenye pasi isiyo ya Ulaya apite kwanza dirishani karatasi zake zikaguliwe, hata kama hana mzigo. Mpakani siku hizi wameanza kuchukua alama za vidole na picha, kwa hiyo foleni ni ndefu, na mzee apelekewe maji. Anayetoka Amerika na kupitia Uingereza aombe kile kibali cha mtandaoni mapema, asingoje hadi afike kaunta. Italia, tiketi ya karatasi ya treni ndogo ichomekwe kwenye mashine iliyopo jukwaani kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi atamtoza faini na hatajali kwamba alilipa.

Na chakula. Watu wetu hawaingii nyumba ya ndugu mikono mitupu, na kwa mfugaji zawadi ni kitu cha maziwa. Tangu Uingereza ijitoe kwenye umoja wao, samli, jibini na nyama havivuki kwenda Ulaya kwenye begi la abiria. Waambieni mara mbili. Nilikuwa na mama mmoja aliyebeba jibini alilotengeneza mwenyewe, analipeleka Italia. Nilimweleza kwa upole kwamba huko wanalo. Akasema wanalo lao.

Anayeogopa ndege anaweza kutoka London kwa treni ya chini ya bahari hadi Paris, abadilishe stesheni, kisha treni ya Milano au Torino. Lakini mkumbuke kwamba pasi yake inakaguliwa London kabla ya kupanda, na sheria ni zilezile za ndege. Hilo nililijua vizuri siku nilipolihitaji lisiwe kweli.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike zaidi ya ukurasa mmoja.

Rubeni mnamfahamu, yule wa kiwanda cha mikate, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kituo cha basi. Wao walizaliwa wengi, wakabaki watatu: Mzee Yohana, mkubwa wao, aliyetangulia kutoka Kongo kwenye vita vya kwanza akaishia Bolton, Rubeni, na Dorika, mdogo wao, aliyekuwa Brescia. Miaka mitatu iliyopita, siku ya Jumatatu, Rubeni aliingia ofisini na nguo za kazi, unga bado kwenye mikono. Binti wa Dorika alikuwa amepiga simu. Saratani imefika ini, na madaktari wamesema wanaotaka kumwona waje wiki hii.

Nilimtafutia njia papo hapo. Buffalo hadi New York, New York hadi Milano, kesho yake mchana angekuwa ameketi kando ya kitanda. Nafasi ilikuwepo, na kwa pasi yake ya Amerika hakuhitaji viza. Nilimgeuzia kioo cha kompyuta aone. Hakukitazama.

"Mama Naomi, nitapita namna gani juu ya nyumba ya yaya?" aliniuliza, maana kaka mkubwa kwetu huitwa yaya. "Andika Bolton. Yaya njo atangulie kuingia, mie nyuma."

Nyie mliokulia hapa mtasema mbona hakwenda tu. Kwa watu wa milimani kwetu, mdogo hampiti mkubwa njiani kwenda kwa mgonjwa. Mkubwa ndiye anayefungua mlango, ndiye anayeomba kwanza, ndiye mgonjwa anayemwambia maneno yake. Kumpita ni kama kumwambia hayupo. Mimi ni wa huko huko, kwa hiyo sikubishana naye. Nilipaswa kubishana. Niliandika Bolton: Rubeni aruke hadi Manchester, na Jumatano adhuhuri yeye na kaka yake waende Bergamo pamoja.

Tiketi ya Mzee Yohana niliikata kwa simu. Ofisi ilikuwa imejaa siku hiyo, kulikuwa na theluji na watu walikuwa wamesimama wakidondosha maji sakafuni. Nikamwomba anisomee jina kama lilivyoandikwa, akasoma. Namba, akasoma. Inaisha lini, akasoma, na ilikuwa imebaki miezi saba. Nikasema vizuri, Muzee, safari njema. Sikumwuliza ilitolewa lini.

Someni hapa kwa kidole. Pasi ya Uingereza, siku mtu anapoingia Italia, iwe haijatimiza miaka kumi tangu ilipotolewa. Zamani mtu akibadilisha pasi mapema, miezi iliyobaki kwenye ile ya kwanza iliongezwa kwenye mpya, kwa hiyo zipo pasi ambazo bado hazijaisha na Ulaya hawazitaki. Ya Mzee Yohana ilikuwa imetolewa miaka kumi na miezi miwili kabla ya siku hiyo. Angekuwa mbele yangu ningeiona. Sheria niliijua, nilishawaonya watu wengine. Sina kisingizio, nilikuwa nimechoka na simu zilikuwa nyingi, na hivyo vyote vilikuwepo kila siku nyingine pia.

Jumatano asubuhi ya huku, Mzee Yohana akanipigia kutoka uwanjani Manchester. Aliongea polepole, kama mtu anayesoma hukumu. Wamekataliwa wote wawili. Yeye, pasi yake ni ya zamani. Rubeni, jina lake limeandikwa vibaya kwenye tiketi.

Nilifungua safari ya Rubeni kwenye kompyuta. Jina lilikuwa sawa herufi kwa herufi na pasi yake, ambayo niliishika mwenyewe Jumatatu. Nikalisoma mara tatu. Nikamwambia Mzee kwamba ninavyoona mimi jina halina kosa, akaniuliza kama ninabishana na mtu aliyesimama uwanjani. Nilianza kudhani macho yangu yameharibika. Nikaomba niongee na Rubeni, akasema amekwenda kuchukua mizigo. Nikatafuta treni, na treni ina sheria ileile. Nikampatia Rubeni nafasi kwenye ndege ya kesho yake alfajiri, peke yake, nikamwandikia ujumbe kwamba nimeangalia jina na atapita. Ujumbe aliusoma. Hakujibu.

Mzee Yohana aliomba pasi ya haraka, na haraka yao ni kama wiki. Dorika alifariki Jumamosi. Walimhifadhi hadi kaka zake wafike, na walipofika Mzee Yohana alitangulia kuingia, Rubeni nyuma yake, katika chumba cha baridi cha hospitali.

Rubeni aliporudi Buffalo alikuja ofisini mchana. Hakukaa kwenye kiti cha wateja, alivuta kile cha kwangu cha akiba akakaa upande wangu wa dawati. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Nikamweleza habari ya tarehe ya kutolewa, kwamba sikuuliza, kwamba ni mimi niliyemzuia kaka yake. Nikaanza kueleza pia habari ya jina lake, kwamba bado silioni kosa lakini kama lipo ni langu. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Mama, jina halikuwa na kosa," akasema. "Mie hawakunikatala."

Nikamwuliza alikuwa anasema nini.

"Yaya alipokatazwa, akaenda kuikaa kwa kiti, kofia iko mu mikono. Ule dada wa guichet, pale kaunta, akaangalia passeport yangu, akasema, bon, wewe pita, lango karibu linafungwa. Nikamwangalia yaya. Nikachukua sakoshi yangu ya nguo nikarudi kwake, nikamwambia na mie banakatala, eti jina."

Nilimwuliza kuhusu ule ujumbe wangu wa ndege ya alfajiri. Akasema aliusoma mara nyingi. Kaka yake alikuwa amelala chumba cha pili, na yeye alikaa na simu mkononi hadi ndege ile ikaondoka. Dorika mwenyewe alimpigia siku hiyo akimwuliza amefika wapi. Alimwambia yuko njiani.

Nililia mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri. Rubeni hakulia. Alikuwa amevaa koti la kanisani na alionekana mzee kuliko kaka yake.

"Yaya asijue," akasema. "Akijua mie nilikuwa na njia, atasema yeye njo alinizuia kumuona Dorika akiwa muzima. Atajilaumu mupaka kaburi. Donc, akikulaumu wewe, Mama, umuache."

Nikamwambia nitakubali, kwa kuwa kosa la pasi ni langu kweli. Akatikisa kichwa. Akasema lile la pasi ni langu, nilibebe, na hili lingine ni lake, ila anaomba nimsaidie kulibeba kwa upande wa Bolton. Kisha akauliza kama anadaiwa chochote kwa safari iliyopotea, nikamwambia aende nyumbani akalale.

Nilimpigia Bwana Abdi, ambaye wakati huo alikuwa amesharudi Nairobi, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza pasi ile niliipokea kwa simu au kwa mkono. Nikasema kwa simu. Akanipa pole, na nikajua anaisema kwa moyo. Tangu siku ile sikukata tiketi ya mtu aliye mbali bila picha ya ukurasa mzima wa pasi. Wateja walinung'unika. Niliwaacha wanung'unike.

Mwaka jana nilipotangaza kwamba naacha, watu walidhani ni mgongo. Mgongo upo. Lakini nilichoka pia na ile simu. Mzee Yohana bado hununua tiketi zake zote kwetu, na kila anapopiga huanza vilevile: wewe uliyeandika jina la Rubeni vibaya, nataka kwenda Brescia kwenye kaburi. Sauti yake inazidi kuwa nyembamba. Mara moja nilikuwa na homa na nusura nimwambie. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, kisha nikamsikia akikohoa, nikamwuliza anataka begi la ukubwa gani.

Hamkuwepo siku zile, na jambo hili sijamwambia mtu hadi leo, hata mume wangu. Nawaandikia kwa sababu sasa simu hiyo itakuwa inawafikia nyie. Mkishasoma ukurasa huu wa mwisho, uchaneni. Rubeni msimwulize chochote, muuzieni tu akitaka. Mzee Yohana akipiga atawalaumu kabla hamjamsalimu, na Divine, najua wewe hupendi kusingiziwa, utataka kufungua kompyuta umwonyeshe kwamba jina lilikuwa sawa. Usifungue. Mwamkie, mwache amalize, halafu umjibu: ndiyo, Muzee, sisi ndio tuliokosea, Rubeni alitaka sana kwenda.